Barack Obama katika Seneti ya Illinois, 1997–2004: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi humfahamu Barack Obama kuanzia hotuba aliyoitoa Boston Julai 2004, katika mkutano mkuu wa chama chake cha Democratic, kana kwamba alipanda jukwaani siku ile akiwa mwanasiasa aliyekwisha kuiva. Kabla ya hapo alikuwa amekaa karibu miaka minane katika Bunge la jimbo, ameshinda kiti hicho mara tatu, na ameshindwa vibaya mara moja alipojaribu kupanda ngazi. Ukurasa huu unajibu maswali yanayojirudia kila watu wanapozungumzia miaka hiyo. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa katika jibu jingine, msomaji ataelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Seneta wa jimbo ni nani? Ni sawa na Seneta wa Washington?

Hapana. Kila jimbo la Marekani lina katiba yake, gavana wake na Bunge lake, na Bunge hilo ndilo linalotunga sheria zinazomgusa mwananchi kila siku: polisi, shule, kodi za jimbo, leseni, na adhabu za makosa mengi ya jinai yakiwemo mauaji. Bunge la Illinois lina mabaraza mawili, yaani Seneti yenye wajumbe 59 na Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 118, na yote mawili hukutana mjini Springfield. Seneti ya Marekani ni chombo kingine kabisa: iko Washington, ina wajumbe 100, wawili kwa kila jimbo, na hushughulikia mambo ya taifa zima.

Msomaji wa Kenya ana sababu ya ziada ya kuchanganyikiwa, kwa kuwa Seneta wa kaunti hukaa Nairobi, katika Bunge la taifa. Kwa ngazi, anayemkaribia seneta wa jimbo la Marekani ni mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, ingawa kaunti haina hata robo ya mamlaka ya jimbo kama Illinois. Kwa Tanzania, chombo kinachokaribia zaidi ni Baraza la Wawakilishi la Zanzibar.

Liko pia tatizo la neno lenyewe. Mtanzania akisikia "jimbo" huwaza jimbo la uchaguzi la mbunge mmoja. Hapa "jimbo" ni Illinois nzima, na sehemu inayowakilishwa na seneta mmoja tumeiita "eneo la uchaguzi".

Obama alikuwa seneta wa jimbo kuanzia lini hadi lini, na aliwakilisha wapi?

Alianza tarehe 8 Januari 1997 na akajiuzulu tarehe 4 Novemba 2004. Aliwakilisha eneo la 13, lililoko upande wa kusini wa jiji la Chicago. Ndani yake mlikuwamo Hyde Park, mtaa wenye Chuo Kikuu cha Chicago na wasomi wa rangi zote, pamoja na mitaa ya Wamarekani Weusi ambayo baadhi yake ilikuwa na umaskini mkubwa. Mipaka hiyo ilibadilika kabla ya uchaguzi wa 2002, na mabadiliko hayo yana jibu lake hapa chini, kwa sababu bila hayo nusu ya pili ya habari hii haieleweki.

Kazi hiyo ilimtaka awepo muda wote?

Si muda wote. Springfield iko takriban kilomita 320 kutoka Chicago, na maseneta wengi walikwenda huko kwa siku za vikao kisha wakarudi makwao. Obama aliendelea kufundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago, alikofundisha kuanzia 1992 hadi 2004, na alifanya pia kazi ya uwakili. Jioni za Springfield alijiunga na meza ya karata ya maseneta wenzake. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini katika Seneti ya watu 59 miswada mingi hupata kura zake nje ya ukumbi, na profesa wa Hyde Park alihitaji kuaminiwa na maseneta waliotoka mashambani na miji midogo.

## Chaguzi zake

Aliingiaje kwa mara ya kwanza?

Kiti kilikuwa cha Alice Palmer. Mwaka 1995, mbunge wa eneo jirani katika Bunge la Marekani, Mel Reynolds, alitiwa hatiani na kujiuzulu, na Palmer alikuwa amekwisha kuamua kuwania nafasi hiyo ya Washington. Obama, wakati huo wakili wa miaka 34, alitangaza Septemba 1995 kwamba angewania kiti cha Seneti ya jimbo ambacho Palmer angekiacha, na Palmer mwenyewe alimuunga mkono.

Novemba mwaka huo Palmer alishindwa katika mchujo wa Democratic, yaani uchaguzi wa kumpata mgombea wa chama. Mshindi alikuwa Jesse Jackson Jr. Wafuasi wa Palmer wakataka arudi kutetea kiti chake cha zamani, na wakamwomba Obama ajitoe. Obama alikataa: alikuwa amekwisha kuchangisha fedha, kuahidi watu na kuchukua fomu kwa baraka za mwenye kiti. Palmer akarejesha fomu zake siku ya mwisho, tarehe 18 Desemba, na mgogoro ukaanza hapo.

Je, ni kweli kwamba aliwaengua wapinzani wake wote?

Ni kweli, na alifanya hivyo kwa pingamizi la kisheria. Illinois humtaka mgombea akusanye saini za wapiga kura waliojiandikisha katika eneo lake. Kiti hiki kilihitaji saini 757. Palmer alirejesha 1,580, zaidi ya mara mbili ya kiwango, ingawa zilikusanywa kwa haraka ya siku chache.

Watu wa Obama walikwenda ofisi ya tume ya uchaguzi ya Chicago wakakaa na karatasi hizo, mstari baada ya mstari, wakizilinganisha na daftari la wapiga kura. Huyu amejiandikisha kweli? Anaishi ndani ya eneo la 13 au ng'ambo ya barabara, ambako ni eneo jingine? Jina limetiwa saini, au limeandikwa kwa herufi zilizotengana, tofauti na saini iliyo kwenye kadi yake? Aliyekusanya karatasi hii naye ni mpiga kura aliyeandikishwa? Kila mstari uliokwama kwenye swali mojawapo ulipigiwa alama.

Baada ya uhakiki, Palmer alibaki na saini 561 halali, akajitoa Januari 1996. Wagombea wengine watatu waliowekewa pingamizi walipungukiwa pia, baadhi yao kwa saini zisizofika mia. Mchujo wa Democratic ulipofika Machi 1996, Obama akapita bila kupingwa.

Hiyo haikuwa hila?

Swali hili huulizwa kwa hasira zaidi kuliko yote, na linastahili jibu la wazi. Sheria haikuvunjwa. Pingamizi za saini ni jambo la kawaida sana katika siasa za Chicago, na mgombea anayerejesha fomu bila akiba ya kutosha ya saini safi anajua anachokihatarisha. Kwa upande mwingine, wakazi wa eneo la 13 walinyimwa nafasi ya kuchagua kati ya mwakilishi waliyemzoea na kijana mgeni, na aliyewanyima alikuwa mtu aliyejulikana kwa kazi ya kuandikisha wapiga kura. Mwaka 1992 Obama alikuwa ameongoza kampeni kubwa ya kuandikisha wapiga kura mjini humo. Watu waliokuwa karibu naye wamesimulia kwamba alisitasita kabla ya kukubali, na sioni sababu ya kutowaamini.

Msomaji wa Afrika Mashariki, anayejua jinsi fomu na wadhamini zinavyoweza kuamua uchaguzi kabla ya kura ya kwanza kupigwa, atatambua mgogoro huu bila kuelezwa sana. Tofauti moja ni muhimu: hapa mlalamikaji alionyesha kila mstari aliouwekea pingamizi, na upande wa pili uliweza kuutetea mmoja mmoja.

Alishinda kwa kiasi gani mwaka 1996 na 1998?

Novemba 1996 alipata takriban asilimia 82 dhidi ya mgombea wa Republican na mgombea wa chama kidogo kilichopewa jina la Harold Washington, meya wa kwanza Mweusi wa Chicago. Mwaka 1998 alipata takriban asilimia 89. Tarakimu hizi zisimdanganye mtu. Katika eneo ambalo Democratic ina nguvu kiasi hicho, uchaguzi wenyewe ni mchujo wa chama. Novemba ni kuthibitisha tu.

Kwa nini alirudi kwa wapiga kura baada ya miaka miwili tu?

Kwa sababu ya mpango wa vipindi uliomo katika Katiba ya Illinois. Mipaka huchorwa upya kila baada ya miaka kumi, na ndani ya miaka hiyo kila eneo la Seneti hupata vipindi viwili vya miaka minne na kimoja cha miaka miwili, kwa mpangilio unaotofautiana kati ya eneo na eneo. Eneo la 13 lilichagua 1992, 1996, 1998 na 2002. Kipindi cha kwanza cha Obama kikaangukia kwenye kile kifupi, na cha pili kikawa cha miaka minne. Hesabu hii ilimfaa mwaka 2000, kama linavyoeleza jibu linalofuata.

Ni kweli aliwahi kushindwa?

Ndiyo, na alishindwa kwa tofauti kubwa. Mwaka 2000 aliwania mchujo wa Democratic dhidi ya Bobby Rush, mbunge wa eneo la kwanza la Illinois katika Bunge la Marekani, kiongozi wa zamani wa Black Panther, chama cha wanaharakati Weusi, mwenye mizizi mirefu katika mitaa ile. Rush alipata takriban asilimia 61 na Obama 30. Nyuma yao kwa mbali alikuwamo seneta mwingine wa jimbo, Donne Trotter.

Sababu zilikuwa kadhaa. Rush hakuwa ameikosea jamii yake kitu ambacho kingewafanya wamwondoe. Oktoba 1999 mwanawe aliuawa kwa risasi, na watu wakamwonea huruma ya kweli. Wapinzani walimchora Obama kama msomi wa Harvard aliyetoka kwingine. Kisha ikaja kura aliyoikosa: mwishoni mwa Desemba 1999 Gavana George Ryan aliitisha kikao kuhusu sheria ya silaha, mswada ukaanguka kwa kura chache, na Obama alikuwa Hawaii na familia yake. Binti yake alikuwa mgonjwa na hakurudi kwa wakati. Mzazi yeyote atamwelewa. Mpiga kura wa mtaa ambao milio ya risasi ni ya kila wiki aliona tu kiti kitupu.

Hakupoteza kiti chake cha Springfield, kwa kuwa kipindi chake kilikuwa kinaendelea hadi uchaguzi wa 2002.

Ramani ya 2001 ilibadilisha nini?

Ilibadilisha karibu kila kitu, na ilitokana na bahati nasibu. Vyama viwili vya Illinois vinaposhindwa kukubaliana kuhusu mipaka, tume yenye idadi sawa ya wajumbe wa kila chama huundwa. Nayo ikikwama, Katiba inaelekeza jina moja lichomolewe kati ya mawili ili kupata mjumbe wa kuvunja usawa. Mwaka 2001 lilichomolewa jina la Democratic. Mchoro wa mipaka ukawa wao.

Kwa Obama, eneo la 13 lilisogea kaskazini kufuata ziwa Michigan, likaingia katikati ya jiji na mitaa ya matajiri. Alibaki na wapiga kura wengi Weusi, akaongeza watu wenye fedha za kuchangia kampeni. Kwa chama, matokeo yalikuwa makubwa zaidi: Novemba 2002, Democratic ilichukua Seneti ambayo Republican waliishika kwa miaka kumi. Obama mwenyewe mwaka huo alipita bila mpinzani.

Mtu akiuliza ni siku gani iliyomfungulia Obama njia, wengi hutaja Boston. Kwa maoni yangu, siku jina lile lilipochomolewa ina uzito uleule.

## Kazi yake bungeni

Alifanya nini cha maana akiwa kambi ya walio wachache?

Kuanzia 1997 hadi mwanzoni mwa 2003 Rais wa Seneti alikuwa Pate Philip wa Republican, na mswada wa mjumbe wa upinzani uliweza kulala kamatini mpaka usahaulike. Njia iliyobaki ilikuwa kutafuta mshirika upande wa pili. Mwaka 1998 Obama alishirikiana na wabunge wa vyama vyote kupitisha sheria ya maadili iliyopiga marufuku zawadi nyingi kwa wanasiasa na kuwazuia kutumia fedha za kampeni kwa mahitaji yao binafsi. Sheria hiyo haikumpendeza kila mwenzake, kwani wapo waliokuwa wamezoea. Mwaka 2000 aliunga mkono unafuu wa kodi ya jimbo kwa familia zinazofanya kazi kwa kipato kidogo.

Kwa nini sheria zake nyingi zinazojulikana ni za 2003?

Kwa sababu chama chenye viti vingi katika Seneti kilibadilika. Emil Jones wa Democratic, mlezi wake wa kisiasa, sasa akawa Rais wa Seneti, na Obama akawa mwenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii. Miswada iliyokuwa ikikwama ikaanza kwenda, na Jones alimpa Obama ile mizito aisimamie. Baadhi ya maseneta waliihangaikia kwa miaka na hawakufurahi kuona jina jingine juu yake. Malalamiko hayo yana haki yake.

Sheria ya kurekodi mahojiano ya polisi ni ipi, na kwa nini hutajwa sana?

Ni sheria ya 2003 inayowataka polisi warekodi kwa sauti au picha mahojiano ya mshukiwa wa mauaji aliyeko kizuizini. Illinois ilikuwa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria ya Bunge. Alaska na Minnesota zilifika huko kwa uamuzi wa mahakama.

Ilizaliwa na aibu kubwa. Tangu adhabu ya kifo irejeshwe Illinois mwaka 1977, watu 12 walikuwa wameuawa kwa sindano kwa amri ya jimbo. Na katika muda huohuo watu 13 waliohukumiwa kufa walionekana hawana hatia. Gavana Ryan alisimamisha utekelezaji Januari 2000. Baadhi ya hukumu zile zilitegemea watu waliokiri chini ya mateso ndani ya vituo vya polisi vya Chicago, bila shahidi mwingine chumbani.

Polisi na waendesha mashtaka walipinga mwanzoni, na gavana mpya Rod Blagojevich alikuwa na mashaka. Obama alikaa nao kikao baada ya kikao. Hoja yake kwao ilikuwa kwamba kanda humlinda pia askari mwaminifu, kwa kuwa mshukiwa aliyekiri kwa hiari hataweza tena kudai alipigwa. Mswada ulipita Seneti kwa kura 58 bila hata moja ya kuukataa. Kati ya yote aliyoyafanya Springfield, mimi nalipa hili nafasi ya kwanza, kwa sababu waliofaidika ni watu wasio na kura nyingi wala fedha.

Mwaka huohuo alisimamia sheria iliyowataka polisi waandike rangi ya dereva kila wanaposimamisha gari, ili ijulikane kama Weusi wanasimamishwa kupita kiasi. Kumbukumbu hizo zilianza kukusanywa Januari 2004.

Kura za "nipo" ni nini? Alikuwa akikwepa?

Seneta wa Illinois ana vitufe vitatu: ndiyo, hapana na nipo. Mswada wa kawaida huhitaji kura 30 za ndiyo, yaani zaidi ya nusu ya viti vyote 59, wala si nusu ya waliopiga kura. Chukua mfano: ndiyo 29, hapana 20, nipo 10. Mswada umeanguka, ingawa walioukataa ni wachache kuliko walioukubali. Kwa hiyo "nipo" hufanya kazi ya "hapana" bila kuitwa hivyo.

Obama aliitumia karibu mara 130 kati ya kura zipatazo 4,000. Mara nyingine ilikuwa mkakati wa chama, hasa katika miswada ya utoaji mimba iliyotungwa ili kuwatia wajumbe matatani. Mara nyingine alikuwa na shaka ya kikatiba. Hillary Clinton, mpinzani wake katika mchujo wa urais, alimshambulia kwa kura hizo mwaka 2008. Kwa idadi si nyingi. Lakini mpiga kura ana haki ya kudai "hapana" isemwe kuwa hapana.

## Kuondoka, na maswali ya pembeni

Aliupataje useneta wa Washington akiwa bado Springfield?

Machi 2004 alishinda mchujo wa Democratic kwa takriban asilimia 53 mbele ya wagombea kadhaa, wakiwemo Dan Hynes na tajiri Blair Hull. Mgombea wa Republican, Jack Ryan, alijitoa Juni kufuatia kashfa ya nyaraka za talaka yake, na nafasi yake ikachukuliwa na Alan Keyes, aliyeletwa kutoka Maryland. Novemba Obama alipata asilimia 70. Hotuba ya Boston ya tarehe 27 Julai aliitoa akiwa bado seneta wa jimbo.

Nani alirithi kiti chake?

Kwame Raoul, wakili aliyezaliwa Chicago na wazazi kutoka Haiti. Hakukuwa na uchaguzi mdogo: Illinois huviachia vyombo vya chama katika eneo husika kumteua wa kujaza nafasi. Raoul alichaguliwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo mwaka 2018.

Je, Obama alipiga kura bungeni kupinga vita vya Iraq?

Hapana. Alivipinga kwa hotuba, katika mkutano wa hadhara uliofanyika Chicago tarehe 2 Oktoba 2002. Kura ya kuidhinisha vita ilipigwa Washington siku chache baadaye, na seneta wa jimbo hana kura huko.

Jina la shule ya "Senator Obama" kule Kogelo linahusu useneta upi?

Ule wa Washington, aliokuwa nao alipozuru kijiji cha baba yake katika Siaya mwezi Agosti 2006.

Mtu aliyezaliwa Afrika Mashariki anaweza kuwa mtunga sheria wa jimbo la Marekani?

Anaweza, akipata uraia. Sharti la kuwa raia wa kuzaliwa humhusu Rais na Makamu wake. Katiba ya Illinois humtaka mjumbe wa Bunge awe raia wa Marekani, awe na umri usiopungua miaka 21, na awe ameishi katika eneo analotaka kuliwakilisha kwa miaka miwili kabla ya kuchaguliwa au kuteuliwa. Majimbo mengine yana muda wao wa ukaazi, kwa hiyo sharti husomwa katika katiba ya jimbo husika.

Mifano ipo Minnesota. Ilhan Omar, aliyezaliwa Somalia na kuishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, alichaguliwa katika Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo mwaka 2016, na miaka miwili baadaye akaenda Bunge la Marekani. Huldah Momanyi Hiltsley, aliyezaliwa Kenya, alichaguliwa katika baraza hilohilo Novemba 2024.